Tiketi ya Mke Wangu

3 Machi

Shikamoo mke wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na sikio la kushoto bado liko kazini, maana la kulia tulishalizika. Mimi ni mzima wa afya, tatizo ni harufu tu. Na usinune kwa kuitwa mke. Mjukuu asipomtania bibi yake atamtania nani? Isitoshe wewe ndiye uliyeanza, nikiwa sijaota hata jino, kuwatangazia watu kwamba umepata mume kibogoyo.

Nilifika salama. Yule bwana anayewatafutia watu kazi, ambaye hapa kila mtu anamwita Mfadhili, alitupokea mwenyewe stendi. Kazi ni ya kuchambua taka. Magari ya kijani ya ile kampuni kubwa ya usafi yanakuja kumwaga mzigo kwenye yadi, nasi tunatenganisha: chupa huku, makopo kule, karatasi pembeni, nepi za watoto usiulize. Kampuni haijatuajiri sisi. Imempa Mfadhili kazi, na Mfadhili ndiye aliyetuleta, kwa hiyo ukiuliza bosi ni nani, kila mtu anamnyooshea kidole mwenziwe.

Getini pamebandikwa bango la kampuni. Linasema hapa hakuna mtu anayefanyishwa kazi kwa nguvu, na chini kuna namba ya simu ya kupiga ukionewa. Bango zuri, lina picha ya mikono inayokata mnyororo. Simu zetu lakini zimekusanywa ofisini. Wanasema taka zinatoa gesi na simu inaweza kuwasha moto, ingawa nyapara anavuta sigara palepale. Vitambulisho navyo vimechukuliwa, vya kuandikishia. Nilipouliza vitarudi lini, nyapara alicheka akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi nami nikacheka.

Tunalala kwenye kontena, vitanda vya juu na chini. Wa chini yangu tunamwita Mcheshi, anaiga sauti ya kila mtu, hata ya gari linaporudi nyuma. Nitavumilia mpaka nipate mashine yangu ya kuchomelea, nirudi nifungue kibanda. Simu hungeisikia hata ningekuwa nayo, kwa hiyo tuandikiane. Barua mpe yule wa vifurushi pale ofisi ya mabasi.

Mumeo, mjukuu wako


20 Machi

Mume wangu msumbufu,

Marahaba. Mimi sijambo. Goti ni lilelile, linajua mvua kabla ya redio. Eti una harufu. Kwani ulipokuwa hapa ulikuwa unanukia nini?

Nimefurahi kuona mwandiko wako, mpaka nilipofika pale pa kitambulisho. Pale chai iliniishia hamu. Mtu mwenye nia njema hukiangalia, akaandika namba, akakurudishia. Kinakaa ofisini kinafanya nini, nacho kinachambua taka? Aliyekushikia kitambulisho amekushika shingo, mume wangu. Na hiyo kamba ya kuku mgeni hufunguliwa akishalizoea banda. Waulize yako itafunguliwa lini, na wakikujibu kwa kicheko, chukua begi lako urudi. Mashine ya kuchomelea tutaitafuta kwa njia nyingine.

Mkono wa cherehani yangu umevunjika. Mtoto wa jirani ameufunga kwa waya, sasa kila nikizungusha unalia kama mlango wa jela. Fundi wangu angekuwepo aibu hii isingenipata. Sare za shule zinasubiri, wazazi wananipigia kelele upande wa sikio lililokufa, nami natabasamu tu. Jirani huyohuyo anauliza kama Mfadhili bado anachukua watu, ana binti amemaliza shule. Nimemwambia asubiri kwanza nipate majibu yako.

Usinifiche kitu. Nilikulea mimi, najua unavyonyamaza.

Mke wako wa kwanza, bibi yako


11 Mei

Shikamoo mke wangu,

Hujambo wewe na goti lako? Mimi mzima, nashukuru. Barua hii haikupita ofisini. Ameibeba dereva wa gari la kijani, yule mwenye ndevu nyingi, ameificha chini ya kiti. Zako zote nimezipata juzi kwa mpigo, zikiwa bado zimefungwa. Ila kuanzia sasa nyapara ndiye atakayezisoma kwanza.

Nilifanya ulivyoniambia, nikaenda kudai kitambulisho. Nikaambiwa nina deni: la nauli ya kuletwa, la kitanda, la glavu ambazo sijawahi kuzivaa, na kila mwezi linapanda. Lango linafungwa kwa kufuli. Kuna mwenzetu aliruka ukuta. Gari la Mfadhili lilimrudisha, na walichomfanya miguuni sikuandikii.

Mwishoni mwa mwezi uliopita alikuja mkaguzi wa kampuni. Utaratibu wao ni kwamba kabla ya kukagua wanatuma taarifa, ili yadi ijiandae. Nayo ikajiandaa. Mgeni njoo mwenyeji apone: tukapewa sabuni, glavu mpya, hata nyama. Wenye vidonda na wenye midomo walipakiwa asubuhi wakapelekwa Nyuma. Hilo ndilo jina tunalopaita. Huko wanavunja betri na kuchoma nyaya. Ni kwa mtu mwingine anayechukua kazi kwa Mfadhili; kampuni haijui kama pako, na mimi sijui ni wapi. Mcheshi alikuwa amechomwa na sindano ya hospitali iliyokuwa kwenye taka, mkono umevimba mpaka vidole havikunjiki. Walimpakia naye. Hajarudi. Kandambili zake bado ziko chini ya kitanda, hakuna anayetaka kuzivaa.

Mkaguzi mwenyewe ni mwanamke, bado kijana. Alituhoji mmoja mmoja kama inavyotakiwa, ila nyapara alisimama pembeni yake muda wote amemshikia mwavuli, asichomwe na jua. Akaniuliza, "Kuna mtu anakulazimisha kukaa hapa?" Nikautazama ule mwavuli. Nikajibu, "Hapana dada, tuko vizuri." Akanishukuru.

Naogopa, bibi. Sikutaka kukuandikia hivi lakini naogopa, na aibu ninayo pia. Usije huku, usiende polisi, maana mtaa wetu wameuandika na Mfadhili ana watu wake. Nyapara ameshasema mdomo wangu mrefu, safari nyingine ya Nyuma nami nimo. Ukiandika, andika ya kawaida tu. Nichekeshe.

Mumeo, mjukuu wako


19 Mei

Mume wangu kipenzi,

Marahaba, tena marahaba ya nguvu. Mkeo ni mzima, nimenenepa hata. Nyumba imekuwa kimya kwa kukosa mtu wa kunigombeza. Naamka, napika, napika kwa mazoea ya watu wawili, kisha nakula cha wote wawili. Ndiyo sababu ya kunenepa.

Wanaume wa mtaani wananipungia mikono nikienda dukani. Nimewaambia mume wangu yuko kazini anachambua chupa, na siku akirudi atawachambua wao. Wamepunguza. Nimejishonea gauni la njano la kukupokelea. Limekaa vizuri kiunoni, usije ukanikuta ukadhani umekosea nyumba. Cherehani imepona, mikono yangu bado ina kazi, kwa siku namaliza sare ambazo wengine wanazimaliza kwa wiki.

Wewe kula, lala, fanya unachoambiwa. Usibishane na wakubwa. Siku zote nakuwaza, na kitanda ni kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Mke wako


8 Juni

Mke wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Ama baada ya salamu, hali yangu ni njema sana na kazi inaendelea vizuri. Bosi wetu ni mtu wa watu. Amesema si vizuri mwanamume kukaa mbali na mkewe, kwa hiyo ametoa nafasi kwa wanawake. Kazi ni nyepesi, ya kukaa kivulini. Wewe unajua kushona, utashona magunia.

Tiketi ya basi imo humu, ni ya Jumamosi tarehe 22. Shuka stendi ya mwisho, utapokewa na kijana mwenye kofia nyekundu. Njoo na kitambulisho chako. Usiwaage majirani, watu wana husuda.

Nina jeraha dogo mkononi, ndiyo maana mwandiko umebadilika. Usijali. Nakukumbuka sana unavyosimama mlangoni na ndoo ya maji ya kuoga nikitoka kazini, huongei, unanipa tu. Njoo tuwe pamoja.

Mumeo


20 Juni

Mume wangu,

Natumai u mzima. Mimi mzima, ila nina usingizi wa basi.

Barua hii siitumi kwa mtu. Naiandika kwenye kiti cha mapokezi cha kampuni ya magari ya kijani, nami nitakupa mwenyewe mkononi. Ile ya tarehe 8 niliijua kwamba si yako kabla sijafika kwenye mwandiko. Umeniita mke maisha yako yote lakini hujawahi kuniita hivyo bila kuniamkia kwanza. Mtu aliyeandika alisoma matani yangu akadhani una mke kijana mwenye mikono ya kazi, akamtumia tiketi. Nilicheka peke yangu. Kisha nikakaa chini, maana kama wanaandika kwa jina lako, wewe uko wapi?

Nimekuja jana kwa nauli yangu, kabla ya siku yao. Jana walidhani nimekuja kuomba msaada, wakanipa maji. Leo nimewaambia siondoki mpaka nimwone yule mkaguzi wa mwavuli. Akashuka. Nikampa barua yako ya mwezi wa tano na tiketi. Alianza kusoma amesimama, akamaliza amekaa. Akasema, "Mama, mimi yule nyapara nilimshukuru kwa mwavuli." Nilimwonea huruma na hasira nilikuwa nayo, vyote pamoja.

Akanipandisha kwa mkurugenzi. Mpole, ana kucha safi. Akanieleza kwamba kampuni ina sheria kali: mzabuni akigundulika anafanyisha watu utumwa, mkataba unakatwa siku hiyohiyo. Alisema kama mtu anayenipa zawadi. Nikamwambia, "Baba, mtu yumo kisimani. Ukikata kamba, mikono yako itakuwa safi, lakini yeye atatokaje?" Mkaguzi naye akaongea, tena kwa ukali, kwamba wakikata leo Mfadhili atawahamisha watu kesho, na Nyuma hakuna anayepajua. Anayepajua ni mwenye kofia nyekundu, maana yadi ya kampuni haina kazi ya kushona magunia. Basi mkurugenzi ameahidi kunyamaza mpaka Jumamosi ipite. Nilimtazama machoni, nikamwamini nusu.

Jumamosi nitajichanganya na abiria wa basi lile, nimejifunika mtandio, nipande gari la kofia nyekundu. Mkaguzi na afisa wa kazi watatufuata kwa nyuma na polisi wawili. Najua umenikataza nisije. Tangu lini mke akasikia?

Naogopa na mimi, mume wangu. Si kwa ajili yangu, mimi nimeshakula chumvi nyingi. Naogopa kufika nikukute hujiwezi.

Mke wako, bibi yako


30 Julai

Mume wangu,

Sijui barua hii itakukuta wapi, wala kama utaamka vizuri siku hiyo. Naomba ikukute mzima. Mimi nipo, goti limevimba kwa kusimama.

Nikueleze ilivyokuwa, maana huenda hukuambiwa. Jumamosi ile kofia nyekundu alikuwepo. Mabinti wawili walishuka kwenye basi wakiwa na tiketi kama yangu. Alitupandisha garini akiangalia mabegi, hakuangalia nyuso. Tulipokuwa njiani mtandio ukateleza, akaniona kwenye kioo.

"Bibi, wewe unakwenda wapi?"

"Kwa mume wangu," nikamwambia.

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Nadhani aliona magunia hayachagui mshonaji, akaendelea. Mkaguzi alikuwa nyuma yetu na gari dogo jeupe.

Nyuma ni uwanja uliozungushiwa mabati, baada ya mahali wanapotupa magari mabovu. Tulipofika lango lilikuwa wazi. Nilijua hapohapo. Mahali kama pale hapaachwi wazi kukiwa na watu ndani. Kofia nyekundu naye alishangaa, hakuna aliyemwambia. Ardhi nyeusi, moshi wa nyaya bado unafuka, macho yanawasha. Nilikuita mpaka sauti ikakatika. Waliobaki walikuwa wamelazwa kwenye magunia chini ya turubai, wale wasioweza kutembea. Mcheshi alikuwa mmoja wao. Yu hai. Mkono hospitali wameuondoa.

Yeye ndiye aliyenieleza. Ijumaa jioni Mfadhili alikuja ameshika barua ya kampuni, mkataba umekatwa kuanzia leo. Mkurugenzi hakungoja. Aliniambia baadaye kwamba wanasheria walimwambia kila saa inayopita jina la kampuni linazidi kuchafuka. Basi lori likaletwa. Wazima wa Nyuma na wa yadini wakapakiwa, wagonjwa wakaachwa. Na wewe ulikuwa mzima. Nimekaa miezi yote hii nikiomba uwe mzima, na ukawa, ndiyo maana hukuwepo.

Kampuni ikatoa tangazo gazetini kwamba mara tu ilipojua, ilivunja uhusiano papo hapo. Watu wakaipongeza. Gazeti ninalo, nimelikata vipimo vya kukatia kola.

Yapo yaliyofaa, sitaki kusema uongo. Kofia nyekundu yuko ndani, ingawa hasemi. Wale mabinti wawili wamerudi kwao, na wa jirani yetu hakuondoka kabisa. Mkaguzi amegombana na wakubwa wake mpaka wamekubali: sasa anakwenda bila taarifa, anazungumza na wafanyakazi mbali na yadi, na kila mzabuni anamuuliza nyuma yake yuko nani. Huja kunitazama. Analia, nambembeleza, mimi ndiye ninayembembeleza. Ni kazi nzuri anayofanya. Haijakurudisha.

Lakini taka haziendi kwa miguu. Popote walipokupeleka, gari lazima lifike limwage. Nimepanga chumba karibu na maegesho ya magari ya taka, na cherehani nimeileta. Asubuhi nasimama getini. Kila dereva, wa magari ya kijani na ya rangi nyingine, nampa nakala ya barua hii aiache kwenye yadi yoyote anayoikuta na lango la kufuli. Wengine wananikwepa. Wengi wanachukua. Yule mwenye ndevu anachukua tatu. Ile barua ya Juni niliyoahidi kukupa mkononi bado ninayo mfukoni, imeanza kuchanika mikunjo.

Sasa nakuacha kidogo, mume wangu, nizungumze na mwingine. Najua barua zako nani anazisoma kwanza.

Wewe nyapara, hujambo? Kifua kinaendeleaje na sigara hizo, na moshi wa nyaya juu yake? Mcheshi ameniambia kwamba nawe ulikuja kwa gari la Mfadhili, kijana mdogo, na tangu siku hiyo hujawahi kwenda kwenu. Sikulijua hilo nilipokuwa nakulaani. Nilikulaani sana, sitaficha. Ile barua uliyoniandikia kwa jina lake nimeisoma zaidi ya zote. Mjukuu wangu hajawahi kusubiriwa mlangoni na ndoo ya maji. Kwangu kila mtu anachota mwenyewe. Yale maji yalikuwa ya kwako. Sijui kama aliyekupa bado anasimama pale, lakini uliandika kama mtu anayejua kwamba alisimama.

Sikuombi upigane na mtu. Sikuombi uje kutoa ushahidi, wala unitajie mlipo. Nakuomba jambo dogo, ambalo hata Mfadhili akikuuliza unaweza kusema ni ubinadamu. Siku moja, saa ya kufunga, shikwa na tumbo. Nenda chooni, kaa huko, usahau kufuli. Ukitoka usihesabu watu. Na ukikuta lango liko wazi na hakuna aliyebaki wa kumlinda, pita na wewe.

Bibi yenu